Dohani ya Bati Jikoni, na Ulinzi wa Mahindi Darini

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya wenye nyumba wa Handeni na Korogwe wanaotaka kuuondoa moshi jikoni kwa kuweka dohani ya bati, yaani bomba la kuupandisha moshi na kuutoa juu ya paa. Kazi yenyewe si ngumu, na fundi bati mwenye mazoea aweza kuimaliza kwa siku moja au mbili. Lakini lipo jambo moja ambalo lisipofikiriwa mapema humtia mkulima hasara, nalo ni mahindi yaliyo darini. Kwa hiyo asomaye asiishie kwenye habari za bati peke yake.

Moshi una kazi mbili

Katika nyumba nyingi za Wazigua, Wabondei na Wasambaa, moto huwashwa juu ya mafiga matatu, na juu ya moto huo pana dari ya miti ambapo mahindi huwekwa pamoja na maganda yake. Moshi hauna njia yake. Hujaa jikoni, hupenya polepole katikati ya miti ya dari, hupita kwenye mahindi, kisha hutoka katika nyasi za paa au katika upenyo ulio juu ya ukuta. Joto hukausha mahindi, na ukali wa moshi huwachukiza wadudu. Ukimwambia mama mwenye jiko auondoe moshi, aweza kukujibu kwamba moshi huo ndio mlinzi wa chakula chake, naye asema kweli. Uzigua ni nchi ambayo mvua zake si za kutegemewa, na wazee wao walipata kuona njaa kubwa, kama ile ya nzige na ukame ya miaka ya 1894 hadi 1896. Watu wa namna hii hawawezi kuambiwa wavunje ghala lao kwa sababu ya macho kuwasha.

Hata hivyo kazi ya pili ya moshi ni kuua, na jambo hili halina shaka tena. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka 5. Mtoto abebwaye mgongoni wakati wa kupika huvuta moshi ule ule anaouvuta mama yake, tena mapafu yake ni machanga. Homa ya mapafu humwanza yeye kwanza. Mama naye huugua kifua na macho baada ya miaka mingi, na kwa kuwa ugonjwa huja polepole, watu huuhesabu kuwa ni uzee.

Shauri letu basi si kuchagua mmoja wa hawa wawili, mtoto au mahindi. Ni kumtafutia kila mmoja ulinzi wake, na kuanza na mahindi, kwa sababu zitakazoelezwa mbele.

Kusukuma kwa feni au kupandisha kwa dohani

Moshi huondolewa nyumbani kwa njia mbili. Waweza kuusukuma kwa feni, au waweza kuupa njia ya kupanda wenyewe. Katika nchi za baridi, kama Marekani, nyumba nyingi hupashwa joto kwa tanuri la mafuta, na baadhi ya matanuri hayo hayana dohani. Feni ya umeme huusukuma moshi nje kwa tundu la ukutani. Feni ikiharibika au umeme ukikatika, tanuri halina budi kuzimwa, ama sivyo hewa ya sumu hurudi ndani. Kwa ajili hiyo wako wenye nyumba walioiondoa feni wakaweka dohani ya chuma, ambayo haingoji umeme.

Kwetu feni imekuja kwa umbo jingine. Yapo majiko ya kuni yenye feni ndogo iendeshwayo na betri, nayo hupuliza moto ili kuni ziungue vizuri na moshi upungue. Majiko ya namna hii yalijaribiwa huko Malawi, katika Chikwawa na Karonga, kwa watoto zaidi ya 10,000, betri zake zikijazwa kwa nguvu ya jua. Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa 2016: homa ya mapafu haikupungua. Majiko mengi yaliharibika na kuhitaji matengenezo, na watu walizidi kuvuta moshi wa majirani, wa takataka na wa tumbaku. Huko Guatemala, tangu 2002 hadi 2004, nyumba 534 zilitazamwa, nusu yake zikiwa zimepewa majiko yenye dohani. Hewa ya mkaa waliyoivuta watoto ilipungua kwa nusu, na homa ya mapafu iliyo kali ilipungua kwa karibu theluthi moja, ijapokuwa hesabu ya homa ya mapafu yote, kali na isiyo kali, haikupungua kiasi cha kuaminika. Nchi hizi mbili zina desturi mbalimbali, kwa hiyo haifai kuziweka katika mizani moja. Lakini mkulima aulizaye ni kifaa gani kitakachokuwa kikifanya kazi baada ya mwaka wa tatu ataona mwenyewe kwamba bomba la bati halina betri ya kuchoka.

Sharti pia ieleweke kwamba dohani haipunguzi moshi, huuhamisha tu. Kuni mbichi zitatoa moshi mwingi vilevile, na utaanguka uani au kwa jirani. Kuni zipasuliwe zikiwa mbichi, zianikwe mahali palipoezekwa, zisitumike mpaka zikauke.

Jinsi dohani ivutavyo

Watu husema dohani yavuta. Kwa hakika husukumwa. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi. Moto ukiwaka, dohani hujaa hewa nyepesi, na hewa nzito ya nje huingia kwa mlango wa jiko ikaisukuma juu. Chukua dohani yenye urefu wa meta 3, joto la moshi ndani yake liwe nyuzi 150 za sentigredi na joto la nje nyuzi 27. Msukumo utakaopatikana ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita 1 tu. Hiyo ndiyo nguvu yote uliyo nayo. Kona moja iliyokunjwa vibaya, tundu la msumari lililoachwa wazi, au masizi ya miezi mitatu, kila kimoja chaweza kuimaliza.

Kutokana na hayo mambo mengi hufahamika pasipo kuambiwa. Dohani fupi haifai. Ukiongeza urefu mara mbili, msukumo huongezeka mara mbili, ingawa moshi hauendi upesi mara mbili, kwa kuwa bomba refu nalo huuzuia. Dohani iende wima kadiri iwezekanavyo, na ikibidi kupinda, ipinde mara mbili kwa mlalo kuliko mara moja kwa kona kali. Maungio yafungwe kabisa, kwa sababu hewa baridi iingiayo kwa nyufa hupoza moshi, na moshi uliopoa haupandi. Tena jikoni lazima pawe na mahali pa kuingilia hewa. Nimepata kuona jiko zuri ambalo moshi wake ulirudi ndani kila siku ya upepo, na fundi akalaumiwa, kumbe mwenye nyumba alikuwa ameziba upenyo wote wa ukuta kwa udongo ili kuzuia popo. Tulipofungua dirisha moja kwa upana wa kiganja, moshi ukapanda.

Jiko lenyewe

Dohani haifungwi juu ya mafiga matatu. Hapana budi moto uzungushiwe ukuta wa udongo, sufuria zikae katika matundu yanayozitosha barabara, na moshi upite chini ya sufuria ya kwanza, kisha ya pili, ndipo uingie katika bomba. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa ni mzuri sana kwa kazi hii. Usijenge jiko kubwa mno. Katika miaka ya 1970 huko Guatemala yalibuniwa majiko manene ya udongo na mchanga, yakaenea hata Afrika ya Mashariki. Baadaye ikaonekana kwamba mengi yalitumia kuni nyingi kuliko mafiga, kwa kuwa udongo ule mwingi ulikunywa joto kabla ya sufuria kulipata. Wapishi wakayaacha, wakarudi kwenye mafiga, dohani ikabaki pambo.

Jiko la mafuta ya taa lenye tambi halifungwi dohani. Dawa yake ni dirisha lililo wazi.

Bati na kipimo chake

Upana wa inchi 4 watosha kwa jiko la nyumbani. Mafundi wengine hupenda kutengeneza la inchi 3 ili kuokoa bati, nao hudhani tofauti ni robo. Si hivyo. Tundu la inchi 3 hupitisha kidogo zaidi ya nusu ya kile kipitacho katika tundu la inchi 4, na masizi yakishashika pembeni halipitishi kitu.

Bati la mawimbi la kuezekea halifai. Yatakiwa bati la sahani. Bomba la inchi 4 lina mzunguko wa sentimeta 32, na kwa kukunja mshono ongeza sentimeta 2. Bati moja la futi 8 kwa futi 4 litakatwa basi katika vipande vitatu virefu vya sentimeta 34, na kila kimoja chatoa bomba la karibu meta 2.4. Ndiyo kusema bati moja latoa zaidi ya meta 7, na majirani wawili wenye paa za kawaida waweza kushirikiana kulinunua.

Kipande cha kwanza, kile kinachotoka jikoni, kiwe cha bati jeusi lisilopakwa zinki, tena nene kuliko la juu. Zinki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 420 hivi, na ikiunguzwa sana hutoa moshi mweupe ambao huleta homa kwa mtu auvutaye. Kwa vipande vya juu, ambako moshi umepoa, bati jeupe lafaa, nalo haliliwi na kutu upesi. Wengine hukata madebe na mapipa ya zamani. Hakuna ubaya, ila yasiwe yaliyowahi kutiwa dawa za mimea au za mifugo. Chombo cha namna hiyo hakisafishiki, wala kisiletwe jikoni kwa kazi yoyote.

Juu ya maungio, fundi na mwenye nyumba mara nyingi hubishana. Fundi aliyezoea paa atataka bomba la juu lilifunike la chini, kama mabati yanavyofunikana, ili mvua isiingie. Hapa ni kinyume. Bomba la juu liingie ndani ya lile la chini. Moshi wa kuni hutoa maji meusi yenye kunata mfano wa lami, nayo hushuka ndani ya bomba; maungio yakiwa ya kufunikana kama paa, lami hiyo itatoka nje kwa kila kiungo na kuchuruzika ukutani. Mvua izuiwe kwa kofia juu, na kwa sketi ya bati mahali bomba lipitapo paa. Kofia iinuliwe juu ya mdomo wa bomba kwa inchi 4 nzima, maana kofia iliyokaa chini ni sawa na kifuniko cha sufuria. Kila kiungo kikazwe kwa ripiti tatu.

Kulipitisha bomba katika paa

Hapa ndipo nyumba huungua, kwa hiyo tutakawia kidogo.

Bomba tupu la bati likae mbali na kila kitu kiwezacho kuungua kwa sentimeta 45: miti ya dari, kenchi, nyasi, hata gunia lililotundikwa. Mti uliokaushwa na joto kwa miaka hushika moto kwa joto dogo kuliko mti mpya, na ndiyo sababu nyumba yaweza kukaa salama miaka minne, ikaungua wa tano, watu wakashangaa.

Kama jiko limeezekwa kwa mabati, kazi ni nyepesi. Toboa mahali palipo katikati ya kenchi mbili, karibu na mgongo wa paa, weka sketi, panda nayo futi 3 juu ya tundu. Mdomo wa dohani uwe juu kuliko kila kitu kilicho karibu nao, uzidi kwa futi 2 chochote kilicho ndani ya futi 10, pamoja na mwembe. Dohani iliyo chini ya mgongo wa paa hupigwa na upepo unaoshuka, na moshi hurudi.

Kama ni paa la nyasi, usilitoboe. Litoe bomba kwa ukuta wa udongo au wa matofali, lipande nje likiwa limeshikwa kwa mikono ya chuma, mbali na ukingo wa nyasi, na mdomo wake uzidi mgongo wa paa kwa meta moja kamili. Mdomoni wekwe wavu wa waya wenye matundu ya nusu inchi ili kuzuia cheche, nao ukung'utwe kila juma, kwa sababu huziba upesi. Bomba la nje hupoa zaidi na huvuta kwa shida kuliko la ndani. Asubuhi washa kwanza majani makavu machache kwenye mdomo wa bomba ndani ya jiko, lipate joto, ndipo uwashe kuni. Lakini mwenye paa la nyasi akiweza kupata mabati machache, ni afadhali ajenge jiko dogo la peke yake uani kuliko kuhangaika na haya yote.

Kwa wenzetu wa milimani, Bungu na Vugiri, neno moja zaidi. Huko usiku kuna baridi, na watu hupenda kuyaacha makaa yawake ili nyumba ipate joto. Wakiona joto lote lapanda na dohani, hushawishika kuiziba kwa kibati. Makaa yasiyo na moshi hutoa hewa ya mkaa, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Dohani isizibwe maadamu pana kaa moja jekundu. Vivyo hivyo jiko la mkaa lisilalishwe ndani ya chumba kilichofungwa, iwe milimani au bondeni.

Mahindi yatoke kwanza

Sasa turudi darini. Siku dohani itakapofungwa, mahindi yaliyo juu ya moto hupotewa na joto pamoja na moshi. Yakiwa hayajakauka barabara, yataota kuvu, na kuvu wengine wana sumu. Katika 1916 watu hawakuijua sumu hiyo, lakini katika 2016, huko Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa kula nafaka zenye kuvu hao. Yakiwa makavu, fukusi watakuja, na dumuzi pia.

Juu ya dumuzi ifahamike kwamba ulinzi wa moshi ulikwisha kupungua nguvu kabla hatujazungumza habari za dohani. Mdudu huyu, ambaye wengine humwita Skania, asili yake ni Amerika ya Kati. Alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaenea. Wazee waliotegemea moshi hawakumjua. Hupenda mahindi yaliyo katika gunzi kuliko yaliyopukuchuliwa, hugeuza punje kuwa unga kwa miezi michache, na tena hutoboa mbao. Darini hupata vyote viwili, gunzi na mti, na mahindi mapya huwekwa juu ya miti yenye wadudu wa mwaka jana.

Kwa hiyo, mavuno ya masika yakiisha kuingia, katika Julai na Agosti, mahindi yaanikwe juani juu ya turubai au mkeka, si juu ya ardhi tupu. Kujua kama yamekauka, tumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi cha theluthi yake pamoja na vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa motoni na kupoa, funga, tikisa kwa dakika chache, uiache kwa robo saa. Chumvi ikinata pembeni mwa chupa, mahindi ni mabichi bado. Isiponata, yaanike siku moja au mbili zaidi kwa uhakika, kisha yapukuchue na kuyapepeta.

Akiba ya chakula yawezwe katika mifuko yenye ngozi tatu, iitwayo mifuko ya kinga njaa. Ngozi mbili za ndani ni za nailoni nene, nazo hufungwa kila moja peke yake, hewa ikiwa imekwisha kukamuliwa. Wadudu waliomo hutumia hewa iliyobaki, kisha hufa. Hapana dawa inayohitajika. Adui wake ni panya na msumari. Iwekwe juu ya vichanja, mbali na ukuta, wala isifunguliwe kila siku kwa kuchota kibaba. Afadhali mfuko mmoja wa matumizi uwe wazi na mingine isiguswe. Asiyeipata mifuko hii aweza kutumia dawa ya unga iliyoruhusiwa kwa nafaka za kula, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na asiazime dawa ya pamba au ya mboga kwa jirani.

Mahindi yakiisha kuhamishwa, dari ifagiliwe na mabua yote ya zamani yachomwe, na miti iliyotobolewa ibadilishwe. Ndipo fundi aitwe. Afadhali awe amemaliza kabla ya vuli, maana udongo wa jiko wataka majuma mawili au matatu ya kukauka kivulini kabla ya moto wa kwanza, na mvua za Oktoba zikianza haukauki.

Kuitunza

Dohani isafishwe kila mwezi, na kila majuma mawili kama kuni si kavu sana. Ondoa kofia, teremsha kamba yenye mfuko mdogo wa mchanga uliofungiwa brashi ya majani magumu, vuta juu na chini, masizi yaangukie jikoni moto ukiwa umezimwa. Masizi manene hushika moto yenyewe, na bomba huunguruma kama upepo na kuwa jekundu. Likitokea jambo hilo, ziba mlango wa jiko kwa udongo wa maji ili hewa isiingie, watoe watu nje, wala usimwage maji katika bomba.

Kila mwaka kabla ya masika, gonga kipande cha kwanza kwa kijiti. Sauti ikiwa nzito na bati likibonyea, limekwisha kuliwa. Kipande hicho huungua mbele ya vingine vyote, na kwa sababu hiyo yafaa kumwambia fundi tangu mwanzo asikikaze jikoni kwa saruji bali kwa udongo na majivu, ili kiweze kung'olewa pasipo kulibomoa jiko.